Tuwaachie Wanafunzi Kebo na Koleo

Kuna jambo ambalo limenikera kwa muda, nami naona heri nilitoe hadharani ili walimu wenzangu walipime. Katika shule kadha za upili ambazo nimepata kuzizuru, kuna chumba cha tarakilishi kinachofungwa kwa kufuli mbili. Ndani mna mashine zilizofunikwa vitambaa kama maiti. Hasha, tusiseme maiti, maana hazijafa. Zimekosa tu kitu cha kuziunganisha. Ulimi mdogo wa plastiki ulio kwenye plagi umevunjika, kebo haishiki tena katika tundu lake, na mkuu wa shule anamsubiri fundi atoke mjini. Fundi naye hulipwa nauli, chakula cha mchana na ujira kwa kazi ya dakika kumi. Wanafunzi wa somo la tarakilishi, ambao hufunzwa mada nzima ya mitandao na kuichora daftarini kwa rula, humtazama fundi huyo kupitia dirishani.

Taaluma yangu ni isimu wala si uhandisi, na huenda msomaji akauliza mtu wa fonolojia ametokea wapi katika mambo ya nyaya. Jibu ni jepesi. Nilipotaka kupeleka mtandao kutoka sebuleni hadi chumba ninamosomea, kuta za mawe za nyumba yetu ziliyameza mawimbi ya waifai, na kebo za dukani zilikuwa ama fupi mno ama ndefu za kujikunja sakafuni kama chatu. Nikanunua mita 25 za kebo, plagi kadha na koleo la kubana, ambalo mafundi wa Barabara ya Luthuli jijini Nairobi huliita krimpa. Tangu hapo kebo zote zipitazo katika kuta za nyumba hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Kazi yenyewe haina ulozi. Unaambua gamba la nje kiasi cha sentimita tatu. Ndani mna nyaya nane nyembamba za shaba, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya samawati na ya kahawia. Katika kila jozi waya mmoja una rangi kamili, na mwenzake ni mweupe wenye mlia wa rangi hiyo. Unazisokotoa ncha, unazinyoosha, unazipanga, unazikata ziwe sawa, unazipenyeza katika plagi mpaka zifike mwisho, kisha unabana. Meno manane yaliyo katika plagi hutoboa ngozi ya kila waya na kuushika. Mpangilio utumikao sana, uitwao T568B, huenda hivi kutoka kushoto, ulimi wa plagi ukiwa umeelekea chini na kebo ikiwa upande wako: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, samawati, mweupe wa samawati, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Ncha ya pili hupangwa vivyo hivyo. (Wanafunzi wangu wa mofolojia watatambua kwamba katika rangi hizi tano ni -eupe pekee iliyo kivumishi halisi kinachopokea kiambishi cha upatanisho, nyingine zote tumeziomba kwa tunda, jani, mbingu na kahawa.)

Mwanafunzi mdadisi atauliza papo hapo: kwa nini jozi ya kijani itenganishwe, waya mmoja ukae nafasi ya 3 na mwenzake nafasi ya 6, na samawati iingie katikati yao? Ndilo swali ninalotamani kila mwalimu aulizwe. Sehemu ya jibu ni historia: nafasi za katikati, yaani 4 na 5, ziliachiwa jozi ya samawati kwa kufuata desturi ya plagi za simu. Sehemu nyingine ni fizikia. Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya za simu zilizosokotwa jozijozi mwaka 1881, na hekima yake haijachakaa. Ishara hupita katika nyaya mbili kwa namna ya kukinzana. Kelele itokayo nje, iwe ya mota au ya taa, huziangukia zote mbili karibu sawa, kwa kuwa msokoto huzibadilisha nafasi kila mara. Kifaa cha upande wa pili hupima tofauti baina ya nyaya hizo, na ile kelele iliyo sawa kwa zote hujifuta. Kila jozi tena husokotwa kwa kiwango chake, nyingine kaza zaidi, nyingine legevu kidogo, ili majirani wasisikilizane. Kwa sababu hiyo fundi mwangalifu hasokotoi zaidi ya milimita 13 ndani ya plagi.

Sasa mchukue mwanafunzi asiyeelezwa hayo, aliyepanga jozi zake kwa unyoofu: chungwa kwa chungwa, kijani kwa kijani, samawati kwa samawati, kahawia kwa kahawia, ncha zote mbili. Testa itamwashia taa zote nane, moja baada ya nyingine, bila kasoro. Ataichomeka kebo kwenye tarakilishi, nayo itasuasua au itakataa kata kata, hasa ikiwa ndefu na kasi ikiwa kubwa. Maana ishara ya nafasi ya 3 na 6 sasa inasafiri kwa nyaya za jozi mbili tofauti, ambazo hazikusokotwa pamoja. Kwa macho ya mwanaisimu, hiyo ni sentensi yenye maneno yote lakini ngeli zimekorogana, na kitenzi hakimjui mtenda wake. Testa ya bei nafuu huhesabu maneno, haisomi sarufi. Somo hilo halipatikani kwa kuchora mtandao kwa rula. Hupatikana pale mwanafunzi anapoishika mkononi kebo iliyofaulu mtihani na isiyofanya kazi, akalazimika kufikiri.

Na tuizungumzie lugha, kwani hapo ndipo nipo nyumbani. Nimepata kuwaelekeza vijana katika kazi hii kwa Kiswahili kitupu: ambua, sokotoa, nyoosha, panga, kata, penyeza, bana, pima. Hakuna hata kitenzi kimoja kati ya hivyo kilichobuniwa na kamati ya istilahi. Wazee wa pwani waliosokota kamba za makumbi walikuwa na neno hilohilo, na kauli ya kutendua ikatupa sokotoa bila gharama yoyote. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuubeba ufundi wa kisasa huyatazama majina tu, plagi, swichi, ruta, wakaona yamekopwa, wakafunga jalada. Ni kweli yamekopwa, kama yalivyokopwa meza na shule. Lakini kijana anayeelekezwa kazi ya mikono husikiliza vitenzi.

Sisemi kwamba kila kebo itengenezwe nyumbani. Zile fupi na laini za kuunganishia mezani, zenye nyaya za nyuzinyuzi, za kiwandani huwa imara zaidi, na mtu asijisumbue nazo. Ajihadhari pia na kebo za bei ya kutupa ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza waya kwa wembe: ukiona fedha chini ya wekundu, rudisha mali ya watu, kwani waya huo hukatika upesi ukikunjwa. Kebo moja isizidi mita 100. Wala isivutwe nje kutoka jengo hadi jengo, hasa katika maeneo kama Kisii na Kakamega ambako radi haina simile. Hapo wataalamu hutumia nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme.

Pingamizi ninayoisikia kwa walimu ni kwamba wanafunzi wataharibu vifaa. Wataharibu, naam. Plagi ikishabanwa vibaya haibanuliki. Hukatwa na kutupwa, na mwanafunzi huanza upya. Katika sayansi kimu tunawapa unga na mayai hali tukijua keki za kwanza zitaungua, wala hatujasikia mkuu wa shule akilifungia jiko kwa kufuli mbili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi atende. Sanduku moja la kebo huwa na mita 305, nazo zatosha kebo mia moja za mita tatu tatu. Ongeza makoleo mawili, testa moja na mfuko wa plagi, na darasa zima lina kazi ya muhula. Mwalimu aanze na kebo zilizovunjika ulimi, maana hizo hazina la kupoteza: zikatwe ncha, zitiwe plagi mpya, zirudishwe kwenye mashine. Kila moja iandikwe jina la aliyeitengeneza kwenye ncha zote mbili, ili ikikwama ajulikane wa kuitwa.