Umeme wa Jua Upimwe kwa Mwezi wa Mawingu

Mtambo wa umeme wa jua hupokewa kijijini kwa vigelegele. Baada ya masika mawili au matatu si ajabu kuikuta paneli ingali juu ya paa la zahanati, safi kabisa, na mkunga akizalisha kwa mwanga wa kurunzi. Lawama hutupiwa betri. Husemwa kwamba ilikuwa mbovu, au kwamba mvua za mwaka huo zilipita kiasi. Lakini mara nyingi betri haina hatia. Iliuawa na hesabu iliyofanywa siku ya kununua, au ambayo haikufanywa hata kidogo.

Na tuchukue mfano wa zahanati iliyo katika ukanda wa pwani ya Tanzania. Ina balbu 6 za LED, kila moja wati 7, ziwakazo saa 5 kwa usiku. Jumla yake ni wati-saa 210. Taa ya chumba cha kuzalia ina wati 10, nayo haina budi kuwa tayari usiku kucha, yaani saa 12. Hizo ni wati-saa 120. Simu na redio zipewe 70. Zahanati hiyo basi yahitaji wati-saa 400 kila siku. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea katika nyaya, katika betri yenyewe na kwa sababu ya joto la paneli, si vibaya kukadiria kwamba kati ya kila wati-saa 100 zinazotarajiwa kwenye paneli, 70 tu ndizo zitakazofika kwenye taa. Paneli itoe basi wati-saa 570 hivi.

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Muuzaji huchukua wastani wa mwaka, tuseme saa 5 na nusu za jua kali kwa siku, akapata paneli ya wati 100. Anayejali huchukua mwezi mbaya kuliko yote. Pwani, wakati wa masika, saa za jua kali zaweza kushuka hadi 4, na hesabu ikawa wati 143. Tofauti yaonekana ndogo, na ya wati 100 ni rahisi zaidi. Kwa hiyo hununuliwa.

Yatokeayo baadaye yanahesabika vilevile. Katika mwezi huo wa mawingu paneli ya wati 100 itazipatia taa wati-saa 280 kwa siku. Pengo ni 120, nalo hutolewa katika akiba ya betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2400, lakini ile ya risasi na asidi haifai kutolewa zaidi ya nusu ikiwa yatarajiwa kudumu. Nusu hiyo, wati-saa 1200, humalizika kwa siku 10. Dawa inayopendekezwa wakati huo ni kuongeza betri ya pili. Kwa dawa hiyo nusu itamalizika kwa siku 20 badala ya 10, na baada ya hapo zitakuwapo betri mbili zenye njaa, kwa sababu kinacholetwa na paneli hakikuongezeka. Betri ya risasi inayokaa majuma mengi bila kujaa hujenga chumvi ngumu juu ya mabamba yake, na jua la Juni haliwezi kuiondoa yote. Kununua debe la pili hakuongezi maji ya kisima.

Kuna kipimo kingine ambacho hesabu ya mwezi mbaya peke yake haikifichui. Betri ya namna hiyo hupendelea kuchajiwa kwa mkondo usiopungua sehemu moja ya ishirini ya ukubwa wake: ampea 10 kwa betri ya ampea-saa 200. Paneli ya wati 150 hutoa kama ampea 8. Wati 200 hutoa 11. Kwa hiyo zahanati ya mfano huu ifunge wati 200, ingawa taa zake zingetosheka na 150. Watakaosema kwamba huo ni ubadhirifu, kwa kuwa miezi ya kiangazi umeme utabaki, wakumbushwe kwamba bei ya paneli ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 2010 na 2020. Kinachogharimu sasa ni betri, na ndiyo inayostahili kulindwa.

Kidhibiti chaji, kile chombo kinachosimama kati ya paneli na betri, hununuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Kwa mfano huu cha ampea 20 chatosha. Ila aina yake iangaliwe. Paneli kubwa za siku hizi, zilizokusudiwa mitambo ya mjini, hufanya kazi kwa volti 30 na zaidi. Ukiiunga paneli kama hiyo ya wati 300 kwenye betri ya volti 12 kwa kidhibiti cha kawaida, huvutwa chini hadi volti ya betri, na kinachopatikana ni wati 120 hivi tu. Kipo kidhibiti chenye uwezo wa kubadili volti hiyo ya ziada kuwa mkondo. Ni ghali zaidi, na pasipo hicho ni heri kununua paneli ndogo za volti 18.

Kidhibiti pia hukata taa betri inapokaribia kuishiwa. Usiku wa uzazi mgumu, fundi wa kijiji huitwa, naye huunga taa moja kwa moja kwenye betri. Nani atamlaumu? Aliyepunguza wati 100 kwenye zabuni hakuwapo chumbani.

Jokofu la chanjo lisiingizwe katika hesabu hii hata kidogo. Yapo majokofu yanayoendeshwa na paneli zake yenyewe bila betri, yakihifadhi ubaridi katika barafu, nayo yasichangiwe na taa wala simu za watumishi.

Zabuni nyingi huuliza wati za paneli na bei. Ziulize wati-saa ngapi zitafika kwenye taa katika mwezi wa mawingu, na muuzaji aandike hesabu yake, saa za jua alizozichukua zikiwa wazi, ili kamati ya afya ya kijiji iweze kuisoma. Na fungu la betri inayofuata liwekwe katika bajeti tangu mwaka wa kwanza, pamoja na jina la mtumishi atakayetia maji ya betri kila mwezi.