Kisanduku Kichakani: Mchezo wa Bibi Harusi Aliyepelekwa Mbali



Kila msimu wa harusi tunazungumza singo, piko, magauni, na somo kafundisha nini. Nadra tunazungumza miezi sita baadaye, pale mtoto wa Unguja au Pemba alipomfuata mume kazini bara, kwenye kijiji asikojua mtu. Leo nazungumzia hilo, na nitapitia kwenye mchezo ambao wengi wenu mtauona wa kizungu na wa kitoto.

Wenyewe wanauita letaboksi. Ulianzia Dartmoor, nyika ya kusini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 mwongoza wageni mmoja wa Chagford, James Perrott, aliacha chupa pahala paitwapo Cranmere Pool, mbali na njia, ili anayefika aweke kadi yake. Baadaye watu wakawa wanaacha barua, na anayefuata anazichukua kuzitia posta. Siku hizi kinafichwa kisanduku kidogo chini ya jiwe, ndani mna daftari na muhuri uliochongwa. Aliyekificha anatunga mafumbo ya njia. Anayekipata anapiga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lake, anapiga muhuri wake kwenye daftari la kisanduku, na anakirudisha palepale. Hachukui kitu. Marekani ulienea baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998. Hautaki bando wala chaji.

Sasa niambieni, mchezo wa mafumbo ni wa nani kama si wetu? Sisi tuliolelewa kwa "Kitendawili!" "Tega!", sisi tunaosemana kwa jina la khanga bila kufungua mdomo. Na muhuri si mgeni kwetu. Mtume s.a.w. alikuwa na pete ya fedha iliyochongwa, akipigia muhuri barua za wafalme. Ikavaliwa na Abubakar, kisha Umar, mpaka ikamponyoka Uthman katika kisima cha Aris, wakaitafuta siku tatu wasiipate. Siileti habari hiyo kuhalalisha mchezo, jamani, msije mkanitumia masheikh. Naipenda tu.

Tuchukue Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoa wa Katavi. Kutoka visiwani unavuka hadi Dar, unakwenda Mpanda, halafu unashuka tena hadi ziwani. Meli ya Liemba, iliyoanza kazi kwa jina hilo mwaka 1927, ilipokuwa ikipita huko ilisimama majini, abiria wakishushwa kwa maboti. Huko ndiko unakopelekwa na masanduku yako ya harusi. Mume ana kazi yake. Wewe una chumba, jiko la mkaa na simu. Na simu ndiyo adui, maana inakurudisha Unguja kila dakika, unatazama harusi za wenzio na unalia. Nimewaona zaidi ya mmoja. Mume hana ubaya wowote, lakini kila usiku anasikia "nirudishe kwetu", na mwisho wake anakurudisha kweli.

Mpe huyo bibi harusi kopo lenye mfuniko wa kubana. Jumamosi alasiri wakae wawili, wachonge muhuri kwa wembe kwenye soli ya ndara iliyokatika. Mmoja afiche, mwenzie atafute. Ili utunge fumbo lazima ujue mti ule unaitwaje, kichuguu kiko upande gani, na mtumbwi uliopinduliwa mchangani ni wa nani. Lazima umuulize jirani. Basi ndiyo umeanza kujuana na watu, bila kubisha hodi ya bure. "Kizee hana meno, mgongoni anaanika migebuka, kipe qibla kisogo, hesabu hatua arobaini." Hebu nitegulieni hilo.

Atakayesema mke na mume watu wazima hawachezi, namkumbusha kuwa Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bi Aisha safarini, Bi Aisha akashinda, na baadaye Mtume akashinda yeye. Hadithi hiyo imo kwa Abu Dawud.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito ni jingine. Kitu kilichofungwa, kikafichwa kichakani, kina alama nyekundu na maandishi: kijijini watasema hirizi. Na anayeshukiwa kwanza ni mgeni. Nchi hii, hasa kanda za ziwa na magharibi, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa hiyo msilichekee. Kabla hujaficha chochote, mume aende kwa mwenyekiti wa kitongoji na kisanduku mkononi, kifunguliwe mbele yake. Juu yake andikeni kwa Kiswahili kikubwa: HUU NI MCHEZO, FUNGUA USOME. Msiweke aya wala jina la Mwenyezi Mungu. Mbali na hirizi, si adabu kuyalaza kwenye matope. Msifiche makaburini, wala panapofanywa matambiko, wala kwenye shamba la mtu bila ruhusa. Kwenye matete pembeni mwa ziwa msisogee, kuna mamba na viboko. Na tundu la mti halitiwi mkono kabla ya fimbo.

La pili ni siri. Mama mkwe akisikia mke wa mwanawe anaficha madaftari porini, hatalala. Mwonyeshe mapema, mpe na yeye achonge wake. Tokeni mchana, mkiwa wawili au na wanawake wenzenu, na Maghrib iwakute nyumbani. Mgeni akianza kuandika maneno ya mapenzi kwenye daftari, kisanduku hicho kiondolewe siku hiyohiyo, tena mume akijua sababu.

Anzeni kiangazi, kati ya Juni na Septemba, maana mvua zikianza karatasi inaoza hata kwenye kopo zuri. Kisanduku kimoja kinatosha kwanza. Watoto wa chuo wakishajua kuna mihuri ya kuchonga, mawe ya kufichia hayatawatosha.