MAONI YA SOKO: Keki nzuri mno, malipo duni

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando kwanza habari za kahawa, maharage na ndizi. Oktoba inakwisha, Majilio yako mbele mwishoni mwa Novemba, na makanisa hayapendi shamrashamra za harusi katika kipindi hicho. Kwa hiyo Nyakisasa, kama ilivyo Rulenge na Ngara mjini, kamati za harusi ziko mbioni kufunga vitabu vya michango. Katika orodha ya matumizi upo mstari mmoja unaobishaniwa kuliko mchele na soda, nao ni mstari wa keki.

Wamarekani nao wiki hii wana soko lao la keki. Tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, wao husherehekea Halloween, na waokaji wao hutoa keki za sura ya boga, buibui, fuvu na kaburi, zilizopambwa kwa ustadi hata mnunuzi anaona haya kuzitia kisu. Boga ambalo sisi tunalichemsha likaliwa na watoto, wao hulichonga macho na meno wakaliweka mlangoni. Tusiwacheke sana. Swali lililoko kule ndilo lililoko hapa kwetu: mteja wa keki ananunua unga, au ananunua mkono wa mpambaji?

Hebu tupige hesabu. Keki ya kizamani hupimwa unga, sukari, siagi na mayai kwa uzito ulio sawa. Ukichukua kilo moja ya kila kimoja, mayai yatafika kama 20, yaani theluthi mbili ya trei. Hesabu hiyo kila mama aliyewahi kwenda sokoni anaiweza, na kamati nyingi huishia hapo hapo. Mweka hazina anajumlisha bei za dukani, anaongeza kidogo kwa ajili ya mkaa, kisha anamwambia mwokaji kwamba amezidisha bei.

Anachosahau ni kazi inayoanza baada ya keki kuiva. Sukari ya unga inachekechwa, inakandwa, inatiwa rangi. Maua yanafinyangwa petali moja baada ya nyingine na kuachwa yakauke usiku kucha, kwa sababu ua bichi hulala na ua kavu husimama. Keki ya ghorofa tatu yenye maua ya namna hiyo inaweza kula siku mbili za mtu mzima, mbali na ile siku ya kukaa kando ya sufuria lenye moto juu na chini, ukiugeuza mkaa ili upande mmoja usiungue. Halafu kuna safari. Kila ghorofa husafirishwa peke yake katika vumbi na makorongo, zipangwe ukumbini, na palipopata ufa pazibwe kabla maharusi hawajaingia. Hakuna duka linalouza vitu hivyo kwa kilo.

Cha ajabu, kamati hiyo hiyo humlipa mshereheshaji na mpiga picha za video bila kuuliza bei ya kipaza sauti wala ya kamera. Inajua inalipia ufundi. Fundi wa keki akiwa ni mama wa jirani anayeokea jikoni kwake, ufundi unageuka kuwa msaada.

Sukari nayo haina huruma. Mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa zilipokwamisha viwanda, sukari iliadimika nchini na bei za mitaani zikaruka juu ya bei elekezi ya serikali. Mwokaji aliyekwisha kukubaliana na kamati miezi miwili kabla, bila kupokea senti, tofauti hiyo ilitoka mfukoni mwake.

Wapo wanaosema dawa ni kuacha mapambo. Ukurasa huu haukubali. Watu hawaachi uzuri hata wakibanwa na vita. Uingereza mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku kupamba keki kwa sukari ya juu, na waokaji wakakodisha vifuniko vya makaratasi magumu na plasta vilivyofanana na keki ya ghorofa, ndani yake kikiwa kikeki kidogo. Keki bandia za povu tunazoziona leo kumbini zina ukoo wa mbali, wala si utapeli ikiwa kamati imeambiwa ukweli na imetozwa bei ya bandia.

Uzuri si kosa. Kosa ni kuuogopa. Mwandishi huyu aliwahi kumkuta shangazi yake na keki ya wakwe juu ya kabati, wiki ya sita tangu harusi, utepe wake haujafunguliwa. “Ilikuwa nzuri mno, mwanangu,” alisema. Sisimizi hawakuiona hivyo. Walikuwa wametoboa upande wa ukutani na kujenga njia. Keki nyeusi ya matunda makavu iliyolowekwa pombe hukaa miezi, lakini hii yetu ya mayai na siagi ni ya siku chache tu. Mwokaji anapoikabidhi aseme wazi iliwe lini.

Mbona ndafu hatuiogopi? Mbuzi mzima aliyebanikwa, amevishwa karoti, hoho na matango, na majani mdomoni, hukatwa kama keki mbele ya wageni, na dakika kumi baadaye imebaki mifupa. Desturi hiyo ya Wachaga imeenea nchi nzima na sijasikia mtu akiiweka ndafu kabatini.

Kwa waokaji wa Nyakisasa walio na oda za Novemba, andikeni bei kwa mistari miwili: vifaa, na kazi ya mkono. Kamati ikitaka kupunguza, ipunguze maua au ghorofa, mstari wa mkono usiguswe. Pokeeni nusu ya fedha siku ya makubaliano na mnunue sukari siku hiyo hiyo. Nusu iliyobaki ilipwe keki inapowekwa mezani, kabla mshereheshaji hajashika kipaza sauti, kwa sababu baada ya hapo mweka hazina huwa haonekani.