Chai ya Rungwe: Masika yaleta uzito, kipupwe chaleta ladha

MVUA inaponyesha Tukuyu mkulima wa chai hufurahi, na ana sababu. Mji huo ulio katika mwinuko wa karibu meta 1,500 hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa kuwa upepo wenye unyevu utokao upande wa Ziwa Nyasa hupanda milima na kupoa. Kuanzia Novemba hadi Mei michai huchipua haraka na magunia hujaa.

Wingi huo, hata hivyo, una gharama yake. Jani linalokua haraka hubeba maji mengi na ladha hafifu. Likifika kiwandani limelowa, kulinyausha huchukua muda mrefu na kuni nyingi. Tena barabara za udongo vijijini hugeuka tope. Gari likikwama, majani yaliyoshindiliwa hupata joto na kuanza kuchacha kabla ya wakati wake. Hapo hata fundi hodari hawezi kuurejesha ubora.

Juni hadi Agosti mambo hugeuka. Baridi ya kipupwe huudumaza mchai, machipukizi huwa machache, lakini jani lililokua taratibu ndilo litoalo chai yenye harufu na ladha iliyokolea. Wakulima wa zabibu Dodoma wanaijua kanuni hiyo: zabibu za kiangazi, za Agosti na Septemba, huwa na sukari kuliko zile zinazoiva Machi mvua ikinyesha.

Tatizo ni mizani. Bei ya chini ya majani mabichi nchini hupangwa kwa kilo, wala haiulizi jani limechumwa mwezi gani. Hivyo msimu wa chai bora ndio msimu wa kipato kidogo kwa mkulima, ilhali mnunuzi mnadani huonja kwanza ndipo atoe bei. Si ajabu wapo wanaochuma hadi jani la tatu na la nne, ili uzito uongezeke.

Nchini Kenya, wakulima wadogo walio chini ya KTDA hulipwa kila mwezi kwa kilo, kisha hupata malipo ya pili kulingana na mauzo ya kiwanda chao. Viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa kwa kawaida hulipa zaidi kuliko vya magharibi, na malalamiko hayakosekani. Lakini ladha ya jani humrudia aliyelichuma.

Utaratibu kama huo Rungwe utahitaji kwanza vituo vya kukusanyia majani vipime ubora, si uzito peke yake, na barabara zipitike mwezi Aprili.