Wimbo wa taifa: kwa nini wazazi na watoto hawakuimba wimbo mmoja masomoni?

Asubuhi, mbele ya kuingia darasani, wanafunzi wa Bunia wanajipanga mbele ya bendera na kuimba Debout Congolais. Lakini wazazi wengi waliosoma wakati wa Mobutu waliimba wimbo mwingine: La Zaïroise. Inchi ni ile ile. Wimbo ndio ulibadilika, na si mara moja.

Padri mmoja, nyimbo mbili

Wakati wa ukoloni, wimbo wa sarikali ulikuwa ule wa Wabeleji. Uhuru ulipofika tarehe 30 mwezi wa sita 1960, Kongo ikapata wimbo wake, Debout Congolais. Maneno yaliandikwa na padri mjezuiti, Simon-Pierre Boka, na muziki ukatungwa pamoja na Joseph Lutumba. Raia nao walikuwa na wimbo wao wa kuchezea: Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz, uliozaliwa Bruxelles wakati wa mkutano wa Table Ronde.

Mwaka wa 1971 Mobutu akageuza jina la inchi kuwa Zaïre. Bendera ikageuka, na majina ya watu pia. Wimbo uliotaja Kongo haungeweza kubaki. La Zaïroise ikachukua nafasi, na aliyeandika maneno yake ni yule yule padri Boka. Tarehe 17 mwezi wa tano 1997 AFDL ikaingia Kinshasa, Laurent-Désiré Kabila akarudisha jina la Kongo, na Debout Congolais ikarudi pamoja nalo.

Hata Ujerumani ilipitia hapo

Kongo si peke yake. Wimbo wa Wajerumani una muziki wa Haydn wa mwaka 1797 na maneno ya Hoffmann von Fallersleben ya 1841. Ulifanywa wimbo wa taifa mwaka 1922. Wanazi waliimba ubeti wa kwanza tu, kisha wakaongeza wimbo wa chama chao. Kiisha vita, Wajerumani hawakuutupa wote: tangu 1952 upande wa magaribi uliimba ubeti wa tatu, unaosema juu ya umoja, haki na uhuru.

Upande wa mashariki ulikuwa na wimbo wake tangu 1949. Lakini maneno yake yalitaja Ujerumani moja, na wakubwa hawakutaka tena kusikia hivyo. Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 ulipigwa muziki tu, bila maneno. Inchi iliungana mwaka 1990, na leo wote wanaimba ule ubeti wa tatu.

Somo ni lile lile huku na kule: anayeshika utawala anashika pia wimbo.

Na Ituri je?

Katiba ya 2006, katika kifungu cha kwanza kabisa, inataja Debout Congolais kuwa wimbo wa taifa. Kifungu hicho kinataja pia kiswahili kati ya lugha ine za taifa, pamoja na lingala, kikongo na tshiluba. Lakini wimbo wenyewe uko kwa kifaransa. Watanzania na Wakenya wanaimba kwa kiswahili. Mtoto wa hapa anaweza kuimba miaka sita bila kujua anaahidi nini.

Na anaahidi kitu kizito: kuungana, na kujenga inchi kwa kazi katika amani. Huku Ituri, iliyo chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa tano 2021, maneno hayo si mepesi. Watu wa Djugu, Irumu na Mahagi wamelala kambini, wengine wametoroka jirani waliyekuwa wakilima naye. Kugeuza wimbo kunaweza kufanyika siku moja kwa amri. Umoja unaoimbwa hauna amri ya kuuleta.

Lakini kuna kazi moja ndogo isiyongoja Kinshasa: mwalimu aeleze kila neno kwa kiswahili, mbele watoto hawajaimba.