Maumivu Yanayoitwa Kawaida

Neno "kawaida" limewadhulumu wanafunzi wa kike vyuoni kuliko mtihani wowote. Msichana hujikunja kitandani siku tatu za kila mwezi. Akimweleza shangazi, huambiwa ni chango. Akienda zahanati ya chuo, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu. Akiomba udhuru kwa mwalimu, hutazamwa kama mvivu aliyetunga hila. Wote watatu husema ni kawaida, na wote watatu wamekosa.

Maumivu madogo ya hedhi ni ya kawaida. Hilo hapana alibishaye. Lakini maumivu yamwangushayo mtu, yamchomayo wakati wa haja au wa tendo la ndoa, yabakiayo hata hedhi ikiisha, yamkini ni ugonjwa uitwao endometriosisi. Nyama zifananazo na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: juu ya vifuko vya mayai, mirija, utumbo, na kwa nadra hata kifuani. Hufuata homoni za mwili, huvimba, huvuja damu, na huacha makovu yanayogandisha kiungo na kiungo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huwapata wanawake 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Daktari Mmarekani John Sampson aliandika juu yake tangu 1927, na hata leo wengi huumwa miaka kadhaa kabla ya kuambiwa jina lake.

Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya, ulimfika mapafuni, yakanywea mara kwa mara. Mwaka 2018 alikwenda kupasuliwa Atlanta, Marekani. Aliusema ugonjwa huo hadharani mpaka alipofariki Juni 2024. Wasemao ni aibu kuutaja na wamtazame yeye.

Wapo pia washauri wa "akizaa litakwisha". Mimba si dawa. Na ugonjwa huu wenyewe huweza kuzuia mimba. Ni sawa na kumtuma mtu kisimani kwa mtungi uliotoboka! Dawa ya kuung'oa kabisa haijapatikana, lakini zipo za maumivu na za homoni, na upo upasuaji.

Chuo kisichomhoji mwenye homa ya malaria kina haki gani ya kumhoji huyu? Udhuru wake na uandikwe kama udhuru wa ugonjwa wowote. Naye mwanafunzi na aandike siku za maumivu na mahali yaumapo, ampelekee daktari wa magonjwa ya wanawake, na akijibiwa "kawaida", aombe kupimwa.