Waliahidi, Kisha Wakafuta



Hebu angalia hiyo simu uliyoshika. Ramani, barua pepe, picha za harusi ya binamu yako, mawaidha unayotazama usiku kabla ya kulala. Nyingi katika hizo zinapita kwa kampuni moja tu, Google. Kuna kitu kampuni hiyo ilifanya tarehe 4 Februari 2025, na wengi wetu hatukukisikia. Siku hiyo hiyo Trump alisimama na Netanyahu pale Washington akasema Marekani itaichukua Gaza. Mitandao yote ikawaka. Hili la Google likapita chini chini.

Walifuta ahadi.

Tangu 2018, kanuni za Google kuhusu akili unde, hii tunayoiita AI, zilikuwa na sehemu iliyotaja mambo ambayo kampuni haitayafanya. Haitatengeneza silaha, wala teknolojia ambayo kazi yake kuu ni kudhuru watu. Haitatengeneza vyombo vya kupeleleza watu kinyume na taratibu zinazokubalika kimataifa. Haitafanya lolote linalovunja sheria za kimataifa na haki za binadamu. Siku ile ya Februari sehemu hiyo ikaondolewa yote. Mahali pake sasa kuna maneno laini kuhusu usimamizi wa binadamu na kuheshimu sheria.

Na usidhani ahadi yenyewe ilitoka kwa huruma ya matajiri. Google ilikuwa imeingia katika mradi wa Pentagon ulioitwa Maven, wa kutumia AI kuchambua video zinazopigwa na droni. Droni za Marekani, ndugu yangu, si hadithi za mbali. Zimerusha makombora Somalia, hapa jirani, miaka nenda miaka rudi. Wafanyakazi wa Google walipogundua mradi huo, maelfu yao walitia saini barua ya kuupinga, na wengine wakaacha kazi. Kampuni ikasema mkataba ukiisha haitauendeleza, na Juni 2018 mkuu wake, Sundar Pichai, akatoa zile kanuni. Yaani ahadi ile ilinunuliwa na watu waliokuwa tayari kupoteza mishahara yao.

Sasa waliotangaza mabadiliko ni wakubwa wawili, Demis Hassabis na James Manyika. Huyu wa pili ni mzaliwa wa Zimbabwe, na nakiri hilo liliniuma kidogo. Hoja yao: kuna mashindano ya dunia, na nchi za kidemokrasia ndizo zinazofaa kuongoza AI. Hassabis ndiye mwanzilishi mwenza wa DeepMind, iliyonunuliwa na Google mwaka 2014. Iliripotiwa kwamba mojawapo ya masharti ya kuuza ni kwamba teknolojia yao isitumike kijeshi. Miaka kumi na kidogo tu.

Google hawako peke yao. Januari 2024 OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa katika masharti yao maneno yaliyokataza matumizi ya kijeshi na vita, na Desemba mwaka huo wakashirikiana na Anduril, kampuni ya silaha. Novemba 2024 Meta, wenye Facebook na WhatsApp, waliruhusu AI yao itumiwe na idara za ulinzi za Marekani. Mwezi huo huo Anthropic wakaungana na Palantir kupeleka AI yao kwa idara za ujasusi na ulinzi za Marekani. Ni kama foleni ya matatu: mmoja akipanda juu ya lami ya waendao kwa miguu, wote wanamfuata.

Utaniuliza, sasa hii inatuhusu nini? Twende Gaza kwanza.

Aprili 2024 jarida la +972, linaloendeshwa na waandishi wa Kiisraeli na Kipalestina, liliripoti kuhusu mfumo wa jeshi la Israel unaoitwa Lavender. Kwa mujibu wa maafisa wa ujasusi waliozungumza na jarida hilo, mashine ilipitia data za watu wa Gaza na kuwaweka hadi Wapalestina 37,000 katika orodha ya washukiwa wanaoweza kulengwa. Afisa alitumia kama sekunde 20 kukagua jina moja, mara nyingi kuhakikisha tu kwamba ni mwanamume. Na walijua mfumo unakosea karibu mara moja katika kila kumi. Jeshi lilikana, likasema ni hifadhi ya taarifa tu wala si orodha ya kuua.

Hapa niseme kitu, kwa sababu nawajua nyinyi na kidole chenu cha kushare. Usiposti kwamba Lavender ni ya Google. Ripoti ile ilisema ni kazi ya jeshi lenyewe. Google na Amazon walichonacho ni mkataba wa Nimbus, wa mwaka 2021, wa dola bilioni 1.2, wa kuipa serikali ya Israel huduma za kuhifadhi na kuchakata data. Google inasema mkataba huo haulengi kazi za silaha wala za ujasusi. Sawa. Lakini kama ni hivyo, kwa nini ahadi iliyosema hivyo hivyo ifutwe?

Neno ninalotaka ulishike ni orodha. Sisi tunalijua. Aprili 2015, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali yetu ilichapisha orodha ya watu na mashirika yaliyohusishwa na ugaidi. MUHURI na Haki Africa, mashirika ya kutetea haki, yalikuwemo. Akaunti zao za benki zikafungwa. Lakini walikuwa na pa kwenda. Walienda Mahakama Kuu ya Mombasa, serikali ikatakiwa ilete ushahidi, na kabla mwaka kuisha mahakama ikaamuru akaunti zifunguliwe.

Sasa mtu wa Gaza ambaye mashine imempa alama, ataenda mahakama gani? Atamuuliza nani ni kitu gani alichofanya? Pengine alibadilisha simu, pengine yumo kwenye grupu moja la WhatsApp na mtu asiyefaa. Hata afisa hawezi kukueleza, maana naye hakufikiri, alithibitisha tu. Orodha ya binadamu unaweza kuishtaki. Hii nyingine unaijua bomu likishaanguka. Na teknolojia ikishauzwa kwa jeshi moja, haikai huko. Hakuna serikali inayopenda kupeleleza vijana wake ambayo haitaitaka.

Kuna wanaosema kampuni moja ikikataa, nyingine itachukua, kwa hiyo kupinga ni bure. Mimi siamini. Google iliacha Maven kwa sababu ya barua. Aprili 2024 wafanyakazi wa Google waliketi ofisini New York na California kupinga Nimbus, na 28 wakafukuzwa kwanza, kisha wengine. Aprili 2025, Ibtihal Aboussad, dada yetu kutoka Morocco, alisimama katikati ya sherehe ya miaka 50 ya Microsoft akamkabili mkuu wa AI wa kampuni hiyo mbele ya kamera. Kazi ikaisha. Lakini Septemba mwaka huo huo, baada ya gazeti la Guardian kufichua kwamba simu za Wapalestina zilikuwa zikirekodiwa kwa wingi na kuhifadhiwa katika mitambo ya Microsoft, kampuni ikakifungia kitengo kimoja cha jeshi la Israel baadhi ya huduma zake. Si zote. Ila walikuwa wakisema hawajapata ushahidi wowote.

Na sisi tupo ndani ya kazi hii kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023 jarida la TIME lilionyesha kwamba vijana wa Nairobi waliosafisha maandishi machafu ili ChatGPT iwe salama walilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Wapo wengi wanaochora visanduku kwenye picha, hapa gari, hapa mtu, hapa nyumba, ili mashine ijifunze kuona. Mara nyingi hawaambiwi mteja ni nani.

Kwa hiyo wewe uliyepata kazi ya kulebo data, au ndugu yako, kabla ya kusaini uliza kwa maandishi: kazi hii ni ya nani, na inaenda kufanya nini? Wakikataa kujibu, hifadhi hiyo barua pepe. Na kama tayari ulishafanya kazi ya picha za kutoka angani na hukuambiwa ni za nini, tuandikie inbox. Jina lako hatutalitoa.